Wanavyuo na wafunzwe kuwahoji mashahidi wao

KILA muhula unapokaribia ukingoni, wahadhiri wa vyuo vyetu hujikuta wamezungukwa na marundo ya insha za utafiti. Mwishoni mwa kila insha pana orodha ya marejeleo, imepangwa kwa utaratibu wa alfabeti, majina ya waandishi na miaka yao yakifuatana kama askari wa gwaride. Aghalabu mhadhiri huitupia jicho orodha hiyo, akahesabu kama imetimia kumi au kumi na tano, akatia alama na kuiendea insha ifuatayo. Ni wachache mno wanaouliza swali ambalo ndilo roho ya utafiti wote: je, mwanafunzi huyu amewasoma hawa anaowataja? Na kama amewasoma, alikuwa na sababu gani ya kuwaamini?

Insha ya chuo ni kesi ndogo. Mwanafunzi huleta dai mbele ya msomaji, na vyanzo vyake ndio mashahidi. Hakuna hakimu aliye timamu anayekubali ushahidi kwa kuwa mashahidi ni wengi au wamevalia nadhifu. Huwauliza walikuwa wapi, waliona nini, na wana uhusiano gani na mshtakiwa. Kijana anayehitimu bila kuwahi kumuuliza shahidi wake swali lolote, kesho atakuwa daktari, hakimu, afisa wa mipango katika kaunti au mwandishi wa gazeti kama hili. Kosa ambalo chuoni lilimpunguzia alama mbili litawagharimu wengine afya, ardhi na haki zao.

Zamani malalamiko yalikuwa ya uhaba. Nakala moja ya kitabu iliwekwa nyuma ya kaunta ya maktaba, na darasa zima likaipokezana kwa saa chache chache. Leo uhaba umegeuka gharika. Simu ya mkononi humfungulia mwanafunzi majarida, tasnifu, magazeti ya kale na porojo za kila namna, vyote vikiwa vimevaa mavazi yanayofanana. Chakula na sumu vimeandaliwa katika sinia moja, na mlaji hajafunzwa kunusa.

Juu ya hayo zimezuka programu za akili unde zinazoweza kuandika insha nzima kwa muda wa kufumba na kufumbua, na kuipamba kwa marejeleo. Programu hizi hutunga sentensi kwa kufuata mazoea ya lugha. Kwa hivyo huweza kuzua jina la makala, la mwandishi, la jarida na hata nambari za kurasa, ilhali makala hayo hayajawahi kuandikwa na binadamu yeyote. Mwaka 2023 mawakili katika jiji la New York, Marekani, waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kusikizwa popote. Zilikuwa zimebuniwa na programu iitwayo ChatGPT. Wakili aliyeitumia aliiuliza kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Ikiwa mawakili wa miaka mingi walinaswa hivyo, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekimbizana na saa ya mwisho ya kuwasilisha kazi?

Kosa la wakili yule ni la kuzingatiwa. Aliuliza, naam, lakini alimuuliza shahidi yule yule aliyekuwa akishukiwa. Ukweli wa chanzo hutafutwa nje ya chanzo chenyewe. Makala yakitajwa, sharti yatafutwe, yafunguliwe na kusomwa. Yasipopatikana hata kwa msaada wa mkutubi, yasiandikwe katika orodha.

Vyuo vingi vimejaribu kulikabili tatizo hili kwa amri za mkato. Wanafunzi huambiwa waache mitandao wakashike vitabu, waache magazeti wakasome majarida, na nyaraka za serikali wazitangulize mbele ya nyingine zote. Hatusemi kwamba amri hizo hazina manufaa. Jarida ambalo makala yake hupitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa lina kichungio ambacho porojo za mtandaoni hazina. Hata hivyo, cheo cha chanzo hakitoshi kuwa dhamana ya ukweli wake, na historia ya nchi hii ni shahidi.

Mnamo tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa 11 waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walikufa. Siku iliyofuata serikali ya kikoloni ilitoa taarifa rasmi iliyosema kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Mwanafunzi anayefuata kanuni ya vyeo angeipokea taarifa hiyo kwa mikono miwili. Ilitoka serikalini, ilitolewa wakati wa tukio lenyewe, na ina tarehe. Kumbe ilikuwa imeficha ukweli. Uchunguzi wa hakimu ulidhihirisha kwamba wafungwa hao walikufa kwa kupigwa, katika mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi. Ilipofika Julai mwaka uo huo, wabunge wa Uingereza walikuwa wakiijadili aibu hiyo katika Bunge lao.

Je, taarifa ile itupwe? La hasha. Ni chanzo chenye thamani kubwa, mradi kitumiwe kwa jambo kinachoweza kulishuhudia. Hakiwezi kutueleza jinsi wafungwa walivyokufa, lakini kinatueleza vyema jinsi watawala walivyojitetea walipobanwa. Shahidi mbaya wa tukio huweza kuwa shahidi mzuri wa nia yake mwenyewe. Mwanafunzi akilielewa jambo hili moja, atakuwa ameelewa nusu ya kazi ya kupima vyanzo.

Nusu ya pili ni kuuliza kile ambacho hakimo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hata jumba la kuhifadhi nyaraka limeundwa: yupo aliyeamua faili ipi ibaki, ipi ichomwe na ipi ivushwe bahari. Mwaka 1961, uhuru ulipokuwa ukikaribia katika makoloni ya Afrika Mashariki, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake. Nyingine ziliteketezwa na nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza. Kwa miaka mingi watafiti walisoma faili zilizosalia wakidhani wameyaona yote yaliyokuwepo.

Mambo yaligeuka mwaka 2011. Wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kikoloni walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza jijini London, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi mahali paitwapo Hanslope Park faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Za Kenya zilikuwa miongoni mwazo. Mnamo Juni 2013 Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, William Hague, alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, akatamka kwamba serikali yake inasikitikia mateso hayo. Yale ambayo wazee hao walikuwa wakiyasimulia nyumbani kwao kwa nusu karne, huku baadhi ya wasomi wakiyaita porojo za walioshindwa, yalikutwa yameandikwa kwa mkono wa watawala wenyewe.

Asije mtu akadhani kwamba basi kila simulizi la mzee ni neno lisilopingwa, au kwamba mwandishi aliyesema kweli jambo moja amesema kweli yote. Mwanahistoria Caroline Elkins, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005, alitegemea sana masimulizi ya waliopitia kambi hizo, na wako waliomlaumu kwa kuyategemea mno. Faili za Hanslope Park zilipofunguliwa, ziliunga mkono mengi aliyoyaandika kuhusu mateso. Lakini katika kitabu hicho hicho, akilinganisha hesabu ya watu ya mwaka 1948 na ile ya 1962, alikisia kwamba huenda watu kufikia 300,000 hawajulikani walikoishia. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizipitia hesabu hizo za watu na kukadiria vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida kuwa yapata 50,000, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Nayo serikali ya kikoloni ilikuwa imetaja wapiganaji wa Mau Mau zaidi ya 11,000 waliouawa.

Mwanafunzi mvivu huchagua tarakimu inayompendeza, akaitia katika insha na kulala usingizi. Mwenzake aliye makini hugundua kwamba tarakimu hizi hazihesabu kitu kimoja. Ya serikali ni ya waliohesabiwa kuwa wameuawa vitani. Ya Blacker inajumuisha vifo vya njaa na maradhi, na ndiyo sababu ina watoto wengi hivyo. Ile ya Elkins ni pengo la watu linalotegemea makabila gani yamelinganishwa na mengine. Akifika hapo mwanafunzi huyo ameacha kunakili na ameanza kutafiti. Anaweza kukubaliana na Elkins kuhusu mateso na kutofautiana naye kuhusu idadi, wala asiwe amemvunjia heshima.

Wanafunzi wa sayansi nao wasijione wamesalimika. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Kitiba nchini, KEMRI, iliitangaza kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron, iliyosemekana kuwapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi. Wakati huo gonjwa hilo lilikuwa halina dawa ya kutegemewa, na watu waliokata tamaa walikuwa tayari kushika hata unyasi. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali hayakuiona nafuu hiyo. Mojawapo lilifanywa Uganda, ambako waliopewa dawa walilinganishwa na waliopewa kitu kisicho na dawa ndani yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Leo mwanafunzi wa uuguzi akiyafukua maandishi ya 1990 peke yake, atayakuta yamejaa matumaini na majina ya madaktari. Asipouliza ni nini kilichofuata baadaye, ataandika uongo kwa moyo safi.

Wala jina la jarida lisimtie mtu kiwewe. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha matokeo ya mtego uliotegwa na mwandishi wake mmoja. Alitunga makala ya kitiba yaliyojaa makosa ya wazi, akayapa waandishi na taasisi za Kiafrika ambazo hazipo duniani, akayatuma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliyakubali. Wako wachapishaji ambao biashara yao ni kupokea ada ya mwandishi na kuchapisha lolote, na milango yao imepakwa rangi ile ile ya majarida ya heshima. Mwanafunzi na aulize nani mhariri wa jarida, makala yamepitiwa na nani, na watafiti wengine wameyatumiaje.

Ukiyakusanya haya yote, msomaji, utaona kwamba maswali ya kumhoji shahidi hayazidi matano. Nani anasema? Alijuaje? Alisema lini, na ni kipi kimejulikana tangu hapo? Alikuwa akimwambia nani, na alitaraji kupata nini? Na je, yuko mwingine anayethibitisha jambo hilo bila kulichota kwake? Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Maandishi kumi yaliyonakiliana ni shahidi mmoja aliyepiga mwangwi mara kumi. Takwimu ikitajwa gazetini, ifuatwe hadi kwenye ripoti, na kutoka kwenye ripoti hadi kwenye jedwali la walioihesabu, kama mtu anavyopanda kando ya mto akitafuta chemchemi yake.

Chemchemi zenyewe hazina uhaba hapa nchini. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, iko katikati ya jiji la Nairobi, na maelfu ya wanafunzi hupita mbele ya mlango wake wakikimbilia matatu bila kujua kwamba humo ndani mna barua za maafisa wa wilaya walizotoka. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge husomeka. Hukumu za mahakama na sheria za nchi hupatikana bila malipo katika hazina ya Kenya Law. Shirika la Kitaifa la Takwimu huchapisha ripoti ya hali ya uchumi kila mwaka, na hesabu ya watu ya mwaka 2019, iliyotoa idadi ya 47,564,296, imefafanuliwa hadi ngazi za chini. Tangu mwaka 1998 African Journals Online imekuwa ikikusanya majarida ya bara hili mahali pamoja. Vyuo vikuu navyo vimeweka tasnifu za wahitimu wao mitandaoni. Hata kamusi elezo za mtandaoni zina faida yake, mradi mtu azichukue kama kibao cha njia panda kinachomwonyesha pa kwenda. Hakuna msafiri anayelala chini ya kibao akadai amefika.

Katika kila maktaba ya chuo pia yuko mkutubi, ambaye taaluma yake ni hii hii ya kujua kitu kiko wapi na kimetoka kwa nani. Ni ajabu kwamba wanafunzi wengi humfahamu kama mtu wa kugonga muhuri na kudai faini za vitabu vilivyochelewa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Haki itendeke pia kwa wanafunzi. Mwanafunzi anayesoma katika darasa la mamia, akifundishwa na mhadhiri mwenye mzigo wa kozi nyingi, hupata ujumbe ulio wazi kwamba hakuna atakayezikagua rejeleo zake. Baadhi ya makala ya maana yamefungiwa nyuma ya malipo ambayo hayawezi. Fauka ya hayo, anawaona wenzake wakijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, biashara ambayo imeipa Kenya sifa tusiyoitaka. Vijana hao si wajinga. Wanajua kutafuta na kuandika kwa ustadi, lakini ustadi huo wameupangisha kwa wengine, na vyeti vinavyotokana nao huning'inia katika kuta za watu wasiokuwa na elimu hiyo.

Safu hii inapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa uhandisi au wa fasihi, apitie mafunzo ya kutafuta na kupima vyanzo, yakifundishwa na mhadhiri na mkutubi kwa pamoja, na yatahiniwe. Pili, kila insha ya utafiti iambatanishwe na ukurasa mmoja ambapo mwanafunzi anaeleza vyanzo vyake vitatu vikuu: alivipataje, kwa nini aliviamini, na ni kipi alichokikataa baada ya kukisoma. Ukurasa huo utolewe alama. Hakuna mashine itakayomsaidia mwanafunzi aliyeketi mbele ya mhadhiri akiulizwa maswali juu yake. Tatu, wahadhiri wapunguze kuhesabu marejeleo na wachague mawili au matatu katika kila insha, wayafungue, waone kama yanasema kile mwanafunzi alichodai yanasema. Habari za ukaguzi huo zitaenea bwenini kabla ya jua kuchwa.

Tunajua watakuwepo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuwachosha vijana wanaotafuta cheti ili wapate kazi. Hao tunawarudisha Hola. Taarifa ya uongo ya mwaka 1959 iliandikwa na watu wenye elimu, ikapigwa muhuri, ikatumwa kwa magazeti. Kama wote walioisoma wangeridhika na muhuri ule, watu 11 wangebaki katika vitabu kama watu waliokufa kwa kunywa maji. Ilihitajika kuwepo watu waliouliza jinsi wanaume wazima, waliokuwa hai asubuhi, wangeweza kuuawa na maji ambayo walinzi wao pia waliyanywa.

Taarifa za namna hiyo hazikukoma na ukoloni. Zinaendelea kuandikwa kila siku, na serikali, na makampuni, na wanasiasa, na sasa hata na mashine. Vyuo vyetu vina wajibu wa kuwatoa vijana wanaojua kuzisoma. Muhula ujao unapoanza, wahadhiri na waanzie hapo.